Giaboksi Iliyogawiwa Warithi

Vijana wa gereji mnapopita kwangu hapa Rwamishenye huwa mnaniuliza swali lile lile: Mzee Laurian, enzi za ujamaa mlikuwa mnapata wapi spea? Nawajibu kwamba hatukuwa tunazipata. Mnacheka, mnadhani mzee anatania. Siku hizi unaipiga gia picha kwa simu, unamtumia mtu Dar es Salaam, na baada ya siku chache inakuja kwenye basi imefungwa kwenye karatasi. Sina ugomvi na hilo. Ila nikiona mnavyoichana ile karatasi na kuichomeka gia mahali pake bila hata kumwangalia mwenzake anayekwenda kukutana naye, nageuza uso na kuendelea kusikiliza redio.

Nimefungua na kufunga giaboksi tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilianzia Bilele kwenye gereji ya Fundi Sadru, nikaenda yadi ya serikali, mwisho nikawa na banda langu mwenyewe mpaka magoti yalipogoma. Mafundi wengi hupenda injini. Injini ina kelele, na kila mpita njia anasimama kutoa ushauri. Giaboksi haina washabiki. Unalala chini ya gari, oili inakuchuruzikia kwenye kwapa, na ukimaliza kazi vizuri mwenye gari hasikii kitu chochote. Hiyo ndiyo sifa yako: mtu asisikie kitu. Wenye kupenda kusifiwa waende kwenye rangi na bodi.

Kwa wale ambao si mafundi, nieleze kidogo. Ndani ya giaboksi kuna shafti mbili, ya juu na ya chini, na kila moja imebeba gia zake. Gia ya tatu ya juu inazungushana na gia ya tatu ya chini, na haijuani na nyingine. Zikifanya kazi pamoja miaka mingi, kila moja inalika kwa kufuata umbo la mwenzake. Ukiitoa moja ukaiweka nyingine kutoka gari jingine, hata la aina ile ile, hata kama inang'aa kuliko ya zamani, itaingia, itazunguka, na gari litaondoka. Halafu litaanza kulia. Mlio wa gia zisizozoeana ni mlio wa mtoto anayenyimwa kitu mbele ya wageni: mwembamba, haukomi, na unakuaibisha. Ukiuacha, chuma kinaanza kumeguka.

Fundi Sadru alizaliwa hapa hapa Bukoba. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na familia nzima ilitegemea mtoto akae nyuma ya kaunta apime kaniki. Yeye akachagua grisi. Kihaya alikisema kama sisi, na wazee wa vijijini walipoingia gereji aliwaamkia kwa adabu zote. Sisi wafanyakazi wake hatukuiona adabu hiyo hata siku moja. Alikuwa na bisibisi moja ndefu ambayo hakuitumia kufungulia kitu. Aliweka ncha yake kwenye giaboksi, mpini kwenye sikio, anafumba macho, kisha anakwambia beringi ipi imekufa. Ukimuuliza amejuaje, anakwambia nenda kaoshe vyuma.

Kuosha vyuma ndiko nilikoanza kupata heshima yangu, kwa njia mbaya. Wiki zangu za kwanza nilipewa giaboksi mbili za magari yanayofanana, nikaona kazi ya nini kujisumbua, nikaziosha zote kwenye beseni moja la mafuta ya taa. Zikang'aa. Fundi Sadru alipoona gia zote zimelala pamoja kwenye gunia, hakupiga kelele. Alivuta kigoda akaketi, akaniambia, "Haya, sasa niambie nani ni mume wa nani." Nilikaa nazo pale mpaka mikono ikajua tofauti, nikipitisha kucha kwenye kila jino, nikitafuta kovu linalolingana na kovu la mwenzake. Tangu hapo kila gia niliyoitoa niliifunga na mwenzake kwa kamba ya mgomba kabla haijafika kwenye beseni. Kamba ya mgomba haiyeyuki kwenye mafuta ya taa, na Bukoba haijawahi kuadimika. Gereji yetu ilijaa jozi za gia zimening'inia ukutani kama samaki wa kuuza.

Baada ya Azimio, spea zilizidi kuwa ngumu. Magari yaliyoachwa na wazungu na wafanyabiashara yalikuwa yanazeeka yote kwa pamoja, na lile lililokufa ndilo lililokuwa duka la yaliyo hai. Gasketi tulikata kwa karatasi ngumu ya maboksi, tukaipaka sabuni. Ringi za shaba tulizisugua kwenye kioo chenye mchanga laini. Hayo yote yanawezekana kwa mtu mwenye subira. Gia haiwezekani. Hakuna mtu Kagera nzima aliyeweza kuchonga gia.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Anatoli, kwa sababu ndiyo kila mara naikumbuka mnapozungumza juu ya spea zinazofanana.

Ta Anatoli, maana kwetu mwanamume mtu mzima huitwa Ta kwa heshima, alikuwa mkulima wa kahawa kule Muleba, mwenye kibanja kikubwa na pijo ya zamani aliyoinunua wakati wa Uhuru. Lilikuwa gari la pekee katika vilima vile. Binti yake, Jenerosa, alikuwa mkunga wa zahanati ya kijiji, na mama mwenye uchungu aliposhindikana kwa Jenerosa, pijo ya baba ndiyo iliyompeleka hospitali. Ta Anatoli hakuwahi kukataa. Mara moja aliitwa akiwa kanisani, katikati ya mahubiri, akasimama na kofia mkononi akaondoka, na padri akasubiri vumbi litulie ndipo akaendelea. Wanawake wa kule walijua hivyo: ukizidiwa, gari lipo. Halikuwepo jingine.

Aliileta pijo kwetu giaboksi ikiwa na beringi mbovu tu. Gia zake zilikuwa nzima, zimelika vizuri. Tuliifungua, tukaosha, tukapanga kila kitu mezani, tukawa tunangoja beringi kutoka Mwanza. Beringi zikachelewa, na Ta Anatoli akafariki nyumbani kwake kabla hazijafika. Aliugua kifua muda mfupi tu.

Matanga yalipokwisha, wakaja kugawa urithi. Kwa desturi yetu wazee wa ukoo ndio wanaogawa, na mtoto mkubwa wa kiume ndiye musika, mrithi mkuu. Huyo alikuwa Deogratias, tukimwita Ta Deo, mtu mnene mwenye sauti ya kuamuru hata akiomba chumvi. Mdogo wake aliitwa Novati, mpole wa sura na mgumu wa moyo. Walikuwa wamegombana asubuhi nzima juu ya mpaka wa kibanja, na mzee wa ukoo, Ta Felisiani, alikuwa amechoka nao. Alipofika gereji, akiwa na warithi wote nyuma yake, shabaha yake ilikuwa moja: mtu asije akasema kwamba hakutenda haki.

"Gari ni la Deo, yeye ndiye musika," alisema.

Novati akauliza, "Na mimi sipati kitu cha gari la baba?"

Ta Felisiani akatazama pijo iliyosimama uani, kisha akatazama meza yetu. "Hivi navyo ni vya marehemu?"

Fundi Sadru akajibu, "Ni vyake, Ta. Ni giaboksi ya gari lile."

"Basi hivi bado havijagawiwa," akasema mzee, kwa furaha ya mtu aliyeona mlango. Akainua shafti ya juu kwa mikono miwili akampa Deo. Akainua ya chini akampa Novati. Alizipima uzito kwanza, aone kama hamwonei mtu.

Fundi Sadru alishika kichwa. "Waitu, mzee wetu, nisikilize. Hiki ni kitu kimoja. Ukikitenganisha hakuna mwenye kitu."

"Kibanja cha Anatoli nacho kilikuwa kitu kimoja," alisema Ta Felisiani, "na asubuhi hii nimekikata kati."

Mzee akageuka, akamwona Jenerosa amesimama mlangoni na sare yake nyeupe. Binti kwa desturi hakuwa na fungu, lakini Ta Felisiani alikuwa na huruma. "Na mtoto wetu huyu asitoke mikono mitupu," akasema, akampa lile ganda tupu la giaboksi. Jenerosa alilipokea kwa magoti, kama inavyotakiwa, akashukuru. Alipoinuka alimwangalia Fundi Sadru, na mimi nikadhani atalia. Hakulia. Aliuliza, "Fundi, vipande hivi vikirudi mezani, gari litakwenda?"

"Siku hiyo hiyo," Fundi alimjibu.

Wakaondoka, kila mmoja na fungu lake. Nimeona vitu vingi vikigawiwa nchini humu, hata baiskeli mtu huyu akachukua gurudumu na yule kengele. Giaboksi niliiona siku ile tu.

Msidhani walikuwa wajinga. Kila mmoja alijua fika kwamba kipande chake hakifai bila cha mwenzake, na ndiyo maana kila mmoja alikishika kwa nguvu. Jenerosa alifanya kazi ya kwenda na kurudi. Alimwendea Novati, naye akamwambia, "Sikatai. Aje Deo mwenyewe, aketi kwangu, atafune kahawa yangu, aniombe." Kwetu mgeni hupewa buni zilizochemshwa na kukaushwa atafune, na ukizipokea kwa mtu umekubali kwamba hamna neno kati yenu. Akamwendea Deo. Deo akasema, "Mimi musika niende kuomba kwa mdogo wangu? Kesho atasema na kibanja ni chake. Alete shafti hapa, nitampa kahawa nikipenda." Jenerosa alitusimulia haya amekaa kwenye benchi letu, mkoba wa zahanati mapajani, bila hasira. Akaongeza kwamba wiki ile kina mama wawili walibebwa kwa machela mpaka barabara kuu. Walifika salama. "Wa tatu sijui," alisema.

Deo alipoona mdogo wake hashuki, akatafuta njia yake. Kulikuwa na fundi mmoja wa kando ya barabara, simtaji, marehemu hasemwi, aliyekuwa na mzoga wa pijo kama ile. Akamfungia Deo shafti ya baba yake juu, na shafti ya mzoga chini, ndani ya ganda la mzoga. Gari likaondoka. Ukiwa jikoni ungelisikia linapanda kilima cha pili. Watoto wa kule waliweza kuuiga mlio wa gia ya tatu vizuri kuliko kasuku, na Deo akaanza kuona haya.

Alipomrudia yule fundi akalalamika, fundi akampa dawa ya kienyeji. Nadhani katika dunia nzima ni sisi watu wa migomba tu tungeifikiria mapema hivyo. Alichukua ndizi mbivu, akazimenya, akazisukumia ndani ya giaboksi zikasagika na oili. Na nakwambieni, mlio ulikoma. Deo akaja mpaka Bilele kutuonyesha. Alizunguka uwanja mara kadhaa na kifua mbele, akasimama, akasema, "Fundi Sadru, wewe ulisema haiwezekani. Sikia! Kimya."

Fundi Sadru akachukua bisibisi yake, akasikiliza. Kisha akanong'ona, "Laurian, fungua kizibo." Nilipofungua, ikatoka harufu tuliyoijua wote tangu utotoni. Ilikuwa harufu ya lubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyochachuka na kuungua. Nilicheka mpaka nikalala juu ya mavumbi. Fundi hakucheka.

"Ta Deo, waitu," alisema, "hii ndizi imekuziba wewe masikio. Gia bado zinalana mle ndani kama jana. Sasa hutasikia zitakapokaribia kukatika. Nenda kachukue shafti kwa ndugu yako. Nakufungia bure."

Deo alisema atafikiria. Alipanda gari lake akaondoka, na kweli halikulia. Hapo nataka mnisikilize vizuri: kelele ya chombo ni habari njema. Chombo kinachopiga kelele bado kinakuomba. Ukikinyamazisha bila kukitengeneza, kitakujibu mahali unapokihitaji.

Kilijibu katika kiangazi. Adventina, mke wa Novati, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Jenerosa alikaa naye tangu alfajiri, na kabla ya saa sita mchana akaona kwamba hataweza. Novati akaenda kwa kaka yake kwa miguu, huku anakimbia. Lazima niseme haki ya Deo: hakuuliza neno. Hakutaja shafti, kahawa wala mpaka. Alitupa jembe akawasha gari, akamfuata shemeji yake, wakamlaza kiti cha nyuma kichwa mapajani mwa Jenerosa, Novati mbele, wakaanza safari ya Bukoba.

Kwenye kilima kimoja kabla ya kufika Kanazi, jino la gia ya mzoga likakatika. Jino likikatika likaanguka chini ya giaboksi, una bahati. Lile liliingia kati ya meno mengine, na giaboksi ikafunga. Ikifunga namna hiyo magurudumu ya nyuma hayazunguki tena, si mbele wala nyuma. Huwezi hata kulisukuma, hata mteremko uwe unaanzia pale pale. Ndugu wawili waliweka mabega kwenye gari, wakavuta, wakapiga mateke. Jenerosa aliwaita wakulima kutoka mashambani, wakakata miti wakafanya machela, wakambeba Adventina mpaka walipokutana na lori la kahawa.

Adventina alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hospitali akiwa tayari amekufa. Daktari alisema mama angewahi kidogo tu, mtoto angepona.

Tulikwenda kulichukua gari kesho yake, Fundi na mimi, tukalinyanyua nyuma kwa lori. Barabara ilikuwa na alama mbili nyeusi mahali magurudumu yalipoganda. Fundi aliziangalia, akapanda kwenye lori. Nilimwogopa siku ile kuliko siku ya beseni.

Hatukumwita mtu. Walikuja wenyewe, baada ya maziko na baada ya siku za kukaa ndani. Wa kwanza alikuwa Novati, amebeba gunia begani. Ndani mlikuwa na shafti ya chini, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Aliihifadhi isipate kutu kwa njia aliyoijua mtu wa ng'ombe na mashamba: aliipaka samli. Ilinuka kama jungu la harusi, lakini haikuwa na kutu hata punje, na nikaona kwamba mtu huyu wakati wote alikuwa anaitunza kwa siku fulani. Aliiweka mezani. Nilimkaribisha benchi, akakataa, akasimama karibu na ukuta.

Baadaye kidogo akaingia Jenerosa na ganda la baba yake, limeoshwa kwa sabuni. Deo alifika mwisho. Hakuwa na kitu cha kuleta, kwani shafti yake ilikuwa bado imo ndani ya gari, tena imefungwa na jino la watu. Alisimama upande wa pili wa uwanja. Ndugu hawa hawakusalimiana. Sisi tukafanya kazi.

Nitawaeleza tulivyofanya, kwa sababu kuna faida. Tulitoa jino lililokwama kwa tindo ndogo, taratibu, tusiumize jirani zake. Gia ya tatu ya Ta Anatoli ilikuwa imekwaruzwa tu, nikaipitisha kwenye jiwe la kunolea nikiondoa ncha na kuacha umbo. Klachi nayo niliitoa nikaifuta, nikairudisha, maana bado ilikuwa na nyama ya kutosha. Kisha tukazikutanisha shafti mbili ndani ya ganda lao, kwa beringi zile za Mwanza zilizokuwa zimetusubiri rafuni muda wote. Nilipaka meno ya gia ya juu masizi ya kibatari yaliyochanganywa na oili kidogo, nikazungusha kwa mkono, nikatazama alama iliyobaki kwenye meno ya chini. Kama gia hazielewani, masizi yanakaa ncha tu, au upande mmoja. Zile ziliacha alama katikati ya kila jino, pana, safi, sawasawa kutoka la kwanza mpaka la mwisho. Fundi Sadru aliinama akatazama. Nilijua anachofikiria, maana nami nilikuwa nafikiria hicho hicho: ilikuwa kazi ya nusu siku.

Tulipomaliza kufunga, Deo alitoa ufunguo mfukoni. Akamwita dada yake. "Jenerosa, masista si walikufundisha kuendesha? Shika wewe. Likae zahanati." Lilikuwa jambo kubwa kwa musika kusema hivyo mbele ya watu, na alilisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Jenerosa alizunguka na gari mpaka ufukweni na kurudi, Fundi akiwa pembeni yake. Lilirudi bila mlio. Ulisikia mawe chini ya matairi tu.

Jenerosa akaliacha likinguruma uani. Hapo ndipo Novati alipotoka ukutani. Alikwenda akaweka kiganja juu ya boneti, kisha akamgeukia Fundi Sadru.

"Fundi," alisema, "siku ile lingekuwa na gia hizi, tungefika?"

Deo aliinamisha kichwa. Jenerosa alibaki ameshika usukani, anatazama mbele.

Mimi nilimfahamu Fundi Sadru. Mtu huyu aliwahi kumwambia mkuu wa wilaya kwamba gari lake limeuawa na dereva, na dereva akiwa pale pale. Kwenye mambo ya giaboksi hakumwonea mtu aibu, na jibu la swali lile hata watoto wa kule Muleba walilijua.

"Msingefika," alisema.

Novati akamtazama.

"Klachi ilikuwa imekwisha, Ta Novati. Ilikuwa imebaki karatasi. Kilima kile, watu wanne ndani, giaboksi hata ingekuwa mpya, klachi ingewaacha pale pale. Tumebadilisha leo."

Novati alifikiria. Alikuwa mtu wa kuhakikisha mambo, kama wapole wengi. Akanigeukia mimi. "Laurian, wewe ndiye uliyeitoa. Uliiona?"

"Niliiona," nikasema.

"Ilikuwa imekwisha?"

"Ilikuwa imekwisha kabisa, waitu."

Aliondoa mkono kwenye boneti. Akalia, na Deo akavuka uwanja akamshika. Walisimama hivyo, wanaume wawili wazima, katikati ya gereji, mmoja mnene na mmoja mwembamba, na sisi tukajifanya tunatafuta spana. Kisha wakaingia nyuma ya gari wote wawili, na dada yao akawapeleka nyumbani.

Wote wameshatangulia sasa, Deo, Novati, na Fundi Sadru ambaye alizikwa hapa hapa Bukoba, na Jenerosa naye mwaka juzi. Ndiyo maana naandika. Gari lile lilibeba wanawake wa vilima vile miaka mingi baadaye, Adventina akiwa mmoja wao, kwa watoto wake wote waliofuata. Lilipokuja kwangu mara ya mwisho, tayari kizee, nililifungua. Klachi ilikuwa ile ile.